Nimejibana hadi nimefikisha milioni 1.9, mume hajui. Sasa anataka kukopa kausha damu

SWALI

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Morogoro mjini. Nyumbani tuko kumi: mimi na mume wangu, watoto watano tuliowazaa, wawili wa marehemu shemeji yangu tunaowalea, na mama mkwe. Watoto sita wanasoma, wa mwisho ana miaka minne. Mume wangu ni fundi seremala, ana karakana ya kupanga na vijana wawili wa kumsaidia. Si mlevi, si mtu wa kelele. Kila asubuhi ananiachia 15,000 ya matumizi.

Zamani nilikuwa nanunua kama mtaa mzima unavyonunua. Unga kilo tatu kwa mangi wa duka, mafuta ya kupima asubuhi na jioni, mkaa wa kopo. Pesa ilikata kabla ya magharibi. Nikaanza kudunduliza kidogo kidogo, nikanunua debe moja la mahindi, likazaa la pili. Siku hizi mwezi wa saba nachukua magunia matano ya kilo 100. Mwaka huu nimeyapata kwa 75,000 kila moja. Nasaga dona, mashine wanachukua 100 kwa kilo, na ukihesabu na vumbi linalopotea kilo ya unga inanisimamia 880 hivi, wakati sembe dukani ni 1,600. Mafuta nachukua dumu la lita 20 kwa 110,000. Kwa kupima wanauza robo lita 1,800. Sabuni ya mche nanunua katoni nzima, nakata vipande na kuvianika juu ya kabati wiki mbili ndipo viguswe, maana sabuni mbichi inayeyuka kwenye beseni. Maharage naloweka usiku, nachemsha nusu saa, kisha nafunika sufuria kwenye kikapu nilichojaza matambara na blanketi kuukuu. Mchana yameiva, mkaa nimetumia kiganja. Mchicha nanunua jioni wakati wanafunga meza.

Kwa hiyo 15,000 inabaki. Siku nzuri inabaki 3,500. Niko kwenye kikoba, hisa moja ni 5,000, na kila wiki nanunua hisa tano, ambacho ndicho kiwango cha juu. Mpaka sasa nina 900,000 kule, na tunavunja na kugawana Desemba. Nyingine, 650,000, iko kwenye laini ya simu ambayo mume wangu haijui, na 350,000 taslimu ninayo ndani. Jumla milioni moja na laki tisa.

Kwa nini nimemficha? Miaka ya nyuma nilimwonyesha laki mbili na nusu nikidhani atafurahi. Alifurahi kweli, akaichukua yote akatoa mchango wa harusi ya binamu yake. Aliahidi kuirudisha, haikurudi, nami sikuuliza tena.

Sasa shule moja binafsi ilimpa kazi ya madawati. Akapewa malipo ya awali kidogo, akatia na pesa zake, akakabidhi mzigo, na salio mpaka leo hawajamlipa. Amepata kazi nyingine ya milango ya nyumba nzima lakini hana hela ya mbao. Ameenda kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu. Watampa 1,000,000, watakata 30,000 ya fomu, na yeye atarejesha 50,000 kila siku isipokuwa Jumapili, kwa siku 26. Dhamana ni mashine yake ya randa na vyombo vya ndani. Wanataka na saini yangu kabla ya mwisho wa mwezi.

Anti, nina mengine ya kukuambia ili unishauri vizuri. Zipo siku nilimwambia matumizi hayakutosha, akaniongezea 3,000 au 5,000, nikaiweka akiba. Binti yetu mkubwa, wa kidato cha pili, anajua, kwa sababu yeye ndiye ninayemtuma kwa wakala kuweka pesa. Juzi aliniuliza, "Mama, kama tuna hela, mbona mayai hatuli?" Mama mkwe naye analalamika kuwa siku hizi nyumba hii haina kitoweo. Na mdogo wetu, kadi yake ya kliniki mstari umelala, haupandi, ila anacheza vizuri. Chakula tunakula, njaa hatuna. Hata gunia la mwisho mwaka jana lilipopata harufu ya uvundo sikulitupa, nililipembua nikasaga.

Nikimwambia, ataichukua yote kama ile ya harusi, na huenda akaniona mwizi. Nikinyamaza, nitakuwa naweka saini yangu kwenye deni la riba laki tatu huku pesa ninayo. Nifanyeje?

Mama Bajeti, Morogoro

JIBU

Marahaba, Mama Bajeti. Pole na mzigo huo, na hongera kwa kazi. Kulisha watu kumi kwa 15,000 na bado ukanunua hisa tano kila wiki ni ufundi, kama ule wa mumeo kwenye randa, ila wako hauna karakana wala mteja wa kuusifia. Nadhani hata hilo linakuuma kidogo. Umefanya jambo kubwa na hakuna wa kumwonyesha isipokuwa mtoto wa kidato cha pili.

Nikikuelewa, unaniuliza kama uitoe pesa au uendelee kuificha. Kabla hatujafika huko naomba tuitazame pesa yenyewe, kwa sababu unaizungumzia kama fungu moja lililotulia, nami katika hesabu zako naona mafungu manne, na karibu yote yana kazi tayari.

La kwanza ni Januari, mwezi dume. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare haikuondolewa. Watoto sita, kila mmoja weka shati na sketi au suruali 35,000, viatu 20,000, madaftari 12,000. Ni 402,000, na bado hujaulizwa mchango wowote. Fungu la pili ni Julai: magunia matano kwa 75,000 ni 375,000, na dumu la mafuta 110,000, jumla 485,000. La tatu ni dharura. Kwa nyumba yenye bibi na mtoto wa miaka minne sioni namna ya kuweka chini ya 300,000. Jumlisha yote upate 1,187,000. Katika milioni moja na laki tisa kinachobaki huru, fungu la nne, ni 713,000.

Fungu la Julai ndilo linalonifanya nikuombe usikimbilie kusema ndiyo au hapana. Pesa hiyo ndiyo inayofanya maisha yenu yawe rahisi. Unga wako ni 880 kwa sababu mwezi wa saba unakuwa na laki nne mkononi. Jirani yako ananunua kwa 1,600 si kwa sababu hajui bei ya gunia, bali kwa sababu hajawahi kuzishika laki nne kwa pamoja. Fungu hilo likienda kwenye mbao na lisirudi kwa wakati, utarudi kwa mangi, utalipa 720 zaidi kwa kila kilo, kilo tatu kila siku, na ile 15,000 itaanza tena kukata kabla ya magharibi. Mumeo hawezi kulijua hilo kama hajawahi kuona daftari lako. Kwake yeye, pesa iliyokaa ni pesa iliyolala, na pengine ndivyo alivyoiona ile laki mbili na nusu: hakuna aliyemwambia ina kazi gani.

Hapo ndipo napenda nikuulize kwa upole. Unasema ataichukua yote kama ile ya harusi. Inawezekana kabisa, wewe ndiye unayemjua. Lakini siku ile ulimwonyesha pesa ambayo haikuwa na jina. Je, umewahi kumwonyesha pesa iliyoandikwa "mahindi ya Julai", ukaona atafanya nini? Tukio moja ni onyo la kweli, ila sijui kama linatosha kumhukumia mtu kwa miaka yote hii. Na wewe mwenyewe umesema si mlevi, na kwamba ukimwambia haijatosha anaongeza.

Hizo nyongeza nazo tuzitazame. Pesa uliyoibana kwa akili yako na mkono wako ni jambo moja. Kisheria hata mchango wako wa kazi za nyumbani unatambulika. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo neno "mwizi" usijivike mapema. Lakini ile 3,000 uliyoomba ukisema haijatosha wakati imetosha ina sura nyingine, na nadhani ndiyo inayokufanya uogope mazungumzo haya kuliko hiyo milioni yenyewe. Hata nikihesabu kwa ukarimu, nyongeza hizo ni sehemu ndogo ya akiba yako. Akizigundua mwenyewe, ndizo atakazozikumbuka. Ukizitaja wewe kwanza, zinabaki kuwa ndogo.

Sasa twende jikoni, maana kuna mambo mawili kule yasiyoweza kusubiri uamuzi wa mbao.

Mstari wa kadi uliolala kwa mtoto wa miaka minne si kitu cha kuangalia kwa macho kwamba "anacheza vizuri". Mpeleke kliniki wiki hii wampime uzito na urefu, na uwaambie wazi anakula nini. Sisemi ni kwa ajili ya kubana kwako. Huenda ni minyoo, huenda ni kitu kingine kabisa. Ila ninajua kinachotokea kwenye sinia moja la watu wengi: mkubwa anamega matonge mawili mdogo akiwa bado anapuliza la kwanza, na mboga ya katikati inaisha wakati yeye yuko pembeni na ugali mkavu. Mpakulie sahani yake na kibakuli chake cha mboga, aanze yeye kabla ya wengine. Hiyo haigharimu kitu. Kinachogharimu ni kitoweo, na hapo mama mkwe na binti yako wana hoja. Ukiona pesa imebaki, jiulize imebaki kutoka wapi. Iliyotoka kwenye tofauti ya gunia na kilo ni akiba safi. Iliyotoka kwenye yai lisiloliwa ni deni ambalo mtoto ndiye anayelilipa.

Ukirudisha 1,000 tu kwa siku katika ile 3,500, wiki inakuwa 7,000. Kwa bei nyingi za sokoni inakupa dagaa wa wiki na karanga za kuungia mboga. Dagaa wachambue, waoshe kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, wakaange bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, kisha watwange. Unga wake hakikisha ni mkavu kabisa kabla ya kuutia kwenye kopo, la sivyo utaota ukungu. Vijiko viwili vya chakula kwenye mboga ya mdogo, na hata watoto wasiopenda macho ya dagaa hawatajua. Karanga nunua nzima, usinunue zilizokwisha kusagwa, ili uzitoe kwa mkono zilizosinyaa na zenye rangi ya kijivu. Hisa tano kwa wiki zitashuka kuwa tatu na chenji. Ni juu yako kuamua kama unalikubali hilo. Mimi nakuonyesha tu bei ya kila upande.

La pili ni lile gunia lenye harufu. Hilo, mama, usilirudie. Kuvu wanaoota kwenye mahindi yenye unyevu huacha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kupembua punje zilizogeuka rangi tu, kwa sababu punje inaweza kuonekana nzima na kumbe sumu imeingia. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hii. Kwenye dona tatizo linakuwa kubwa zaidi kuliko kwenye sembe, maana kukoboa huondoa ganda na kiini ambako sumu nyingi hukaa. Dona ni chakula bora, endelea nayo, lakini inataka mahindi makavu na safi.

Mwakani kabla hujalipa, pima. Chukua chupa ya glasi kavu yenye mfuniko, tia kijiko cha chumvi iliyoanikwa juani, jaza mahindi hadi nusu, tikisa vizuri kisha iache ikae kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yaanike juu ya turubai, usiyatandaze chini kwenye udongo, urudie kipimo. Chumvi ikishuka chini yote, yako tayari kuhifadhiwa. Na badala ya viroba vya kawaida tafuta ile mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka bila dawa. Kila tabaka unalikamua hewa na kulifunga peke yake, dumuzi wanakosa pumzi na kufa. Watu wengi huharibu mambo kwa kufungua mfuko huohuo kila wiki kuchota debe la kusaga, hewa inaingia na kazi yote inapotea. Nunua mifuko midogo ya kilo 50 ili ukifungua mmoja uumalize mapema, na uiweke juu ya mbao (za mumeo zipo), mbali na ukuta na mbali na panya. Na usage debe moja moja tu, kwani kiini cha mahindi kina mafuta na dona ikikaa sana inachacha.

Kikapu chako cha maharage nacho ni kizuri, ila hakikisha sufuria imejaa kwa zaidi ya nusu, vinginevyo haihifadhi joto, na ile nusu saa ya kuchemka kwanza usiipunguze hata siku mkaa umekaribia kuisha. Maharage yaliyopashwa tu bila kuchemka vizuri huumiza tumbo. Kabla ya kupakua yachemshe tena kidogo.

Turudi kwenye mkopo. Unaita riba laki tatu. Tuusome vizuri. Mkononi anapata 970,000, anarudisha 1,300,000, kwa hiyo gharama ni 330,000. Na haikai naye mwezi mzima, maana anaanza kurejesha siku inayofuata. Siku ya 13 atakuwa ameshatoa 650,000, na hapo milango haijapigwa hata vanishi. Hiyo 50,000 ya kila siku itatoka wapi wakati kazi haijakabidhiwa? Mara nyingi inatoka kwenye malipo ya awali ya mteja mwingine, yaani shimo la leo linafukiwa kwa udongo wa kesho, au inatoka kwenye ile 15,000. Jambo jingine analijua yeye kuliko mimi: fundi mwenye deni la kila siku hashindwi kununua mbao mbichi kwa sababu ni za haraka. Mbao mbichi hupinda, mlango unagoma kufunga, na mteja anazuia salio.

Muulize basi mambo machache, si kama hakimu. Salio la madawati lina maandishi? Mteja wa milango ametoa nini mpaka sasa? Kama hajatoa kitu, ni kama mumeo ndiye anayemkopesha. Inawezekana mteja anunue mbao mwenyewe kwa muuzaji, na mumeo alipwe ufundi tu? Faida inapungua, kwa sababu kile cha juu kwenye mbao anakikosa, lakini hakuna anayeshika randa yake. Au mteja alipe kwa awamu, milango minne minne? Inawezekana sana milioni moja isihitajike yote kwa mara moja.

Kwa upande wako naona njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kusaini na kunyamaza. Siri inabaki salama kwa sasa. Lakini mambo yakiharibika siku ya 15, utaitoa tu, kwa sababu hutakaa ukitazama randa na vitanda vya watoto vikibebwa, na hapo utaitoa kulipa riba badala ya kununua mbao. Na atajiuliza ilitoka wapi.

Unaweza kumwonyesha daftari lote, na mafungu yakiwa yameandikwa majina. Hapo unapata mtu wa pili wa kubeba hesabu hii, na binti yako anapumzika. Hatari yake umeitaja: huenda akaona 1,900,000 na asione majina. Ukichagua njia hii, usimwambie siku aliyokuja na fomu mkononi wala mbele ya mama yake, na usianze na jumla. Anza na gunia: bei ya kilo kwa mangi, bei ya kilo yako. Yeye ni fundi, hesabu ya malighafi anaielewa.

Unaweza kumwambia sehemu tu, kwamba una kiasi fulani unachoweza kumwazima. Wengi huchagua hii kwa sababu inaonekana ya katikati. Katika 1,000,000 uliyonayo mkononi, 713,000 ndiyo inayoweza kutoka bila kugusa Januari na Julai, mradi kikoba kivunje Desemba kama kilivyopanga. Unaweza hata kwenda naye kwa muuzaji mkalipie mbao moja kwa moja, iandikwe kurudi kwa awamu kila mteja anapolipa. Mwiba wake ni kwamba nusu ya ukweli inahitaji kulindwa kila siku kama uongo mzima, na kuna mtoto anayejua nusu nyingine.

Ipo njia ya kukopa kwenye kikoba chako. Vikundi vingi hutoa hadi mara tatu ya hisa, na faida ya mkopo inarudi kwenye mgao wenu wenyewe. Lakini uliza kwanza: vikoba vingi vinavyovunja Desemba hufunga mikopo mipya miezi michache kabla ili kukusanya madeni. Na usiporejesha, hisa zako ndizo zinazokatwa, yaani sare za Januari. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake ni nzuri kwa mbele, ila ina mchakato wake, haiwezi kuwahi mwisho wa mwezi huu.

Sitakuchagulia. Njia hizi zinategemea tabia ya mtu ninayemsoma kwa barua moja, wewe umeishi naye. Mawili tu nayasema bila kusita, kwa njia yoyote utakayoshika. Binti yako asitumwe tena kwa wakala, na aambiwe na wewe mwenyewe kwamba hatakiwi kuitunza siri hii. Pia mtu mzima mmoja unayemwamini ajue ile laini ya simu ipo na pesa ni ya nini. Leo ukiugua ghafla, 650,000 hiyo haina mwenyewe.

Na ukifikia kusaini, usisaini mezani kwao. Omba fomu uje nayo nyumbani. Angalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Tafuta mstari wa faini ya kuchelewa, ni kiasi gani kwa siku, na kama inajumlishwa juu ya deni. Soma orodha ya dhamana kitu kwa kitu, maana "vyombo vya ndani" ni maneno mapana, yanaweza kumeza hata magunia yako ya mahindi. Dai yaandikwe majina: kabati hili, televisheni ile. Palipo wazi piga mstari kabla ya kuweka saini, na ondoka na nakala yako.